Sikio la Baba na Rangi ya Machungwa

Shuleni nilichora rezista mara nyingi kuliko nilivyochora ramani ya Uganda. Ni mstari ulionyooka ambao ghafla unaanza kupinda juu na chini kama meno ya msumeno, kisha unanyooka tena na kwenda zake. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mkali sana kuhusu hayo meno, na mimi niliyachora vizuri, nikapasi. Kwa hiyo siku niliyoketi kwa mara ya kwanza kwenye meza ya fundi wa redio pale Bwera, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili na kibanda changu cha fotokopi, fundi aliponiambia nimpe rezista iliyokuwa karibu na mkono wangu, nilitafuta kitu chenye meno. Nikainua kopo la siagi, nikatazama chini yake. Fundi akaningoja, halafu akakichukua mwenyewe: kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, miguu miwili ya waya, na mistari ya rangi kiunoni.

"Hii njo rezistansi," alisema kwa Kiswahili cha Kongo, njo ya kwao ikiwa ndiyo ya kwetu. "Weye ulikuwa unatafuta nini?"

Sikumwambia. Nilimwambia wiki nyingine, akacheka hadi akaweka chini chuma chake cha kulehemu asije akajichoma.

Lakini nianze na baba, maana bila yeye nisingeketi pale. Baba alitoka magharibi ya Kenya akiwa kijana, akaja huku Kasese kufanya kazi ya simenti, akazeekea kando ya mashine ya kusaga mawe. Alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga nyumba ndogo Kasese mjini akabaki na mama, na mimi nikaolewa Bwera. Masikio yake yalipungua kidogo kidogo. Sijui kelele ndiyo ilianza au umri, na mwenyewe hakuwa mtu wa kulalamika. Ilipofika katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, mama alikuwa akimwita kwa kumgusa bega.

Daktari alimpima, akasema neva ndizo zimechoka, anahitaji kifaa cha kuvaa sikioni. Kifaa hicho kilipatikana Kampala kwa bei ya watu wa Kampala. Baba akasema hakihitaji. Akaacha kwenda kwenye ibada ya Jumatano, kisha akaacha kukaa na wazee wenzake pale kwa kinyozi. Hakugombana na yeyote. Ukimwambia jambo alitikisa kichwa kwa heshima, akajibu "nasikia", neno ambalo kwetu pia lina maana ya "nimeelewa, nimekubali, endelea tu", na mazungumzo yakaishia hapo. Mama ni mwanamke wa maneno mengi, na akabaki hana wa kumwambia. Kila nilipokwenda Jumamosi nilimkuta baba yuko kwenye kiti chake barazani, msafi, ameshiba, na hayupo. Niliogopa. Nilimpenda sana baba yangu na nilikuwa namwona ananiponyoka akiwa hai.

Fundi alikuwa jirani yangu wa kazi. Meza yake ilikaa kwenye veranda iliyopakana na kibanda changu, kwenye barabara inayoteremka kwenda Mpondwe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, aliyeolewa upande huu. Kazi alifundishwa na mjomba wake huko Butembo. Watu wa pande zote mbili walimletea redio, taa za sola, vikuza sauti vya makanisa. Na alikuwa na tabia moja iliyomkosesha wateja wengi: hakukubali uache kitu chako uende zako. Ulivuta kiti, ukaketi, ukaangalia. Wenye haraka walikwenda kwa vijana wenye vibanda vya vioo kule juu. Yeye alisema redio iliyotengenezwa bila mwenyewe kuangalia itakufa tena mwezi huo huo, kwa sababu mwenyewe hajui alichoifanyia. Mimi ni mtu wa haraka, na kwa miaka miwili nilidhani ni maringo.

Siku moja stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, mashine yangu imelala, nikamsimulia habari za baba ili tu kupitisha muda. Alinisikiliza huku akikwaruza kutu kwenye nyumba ya betri. Kisha akaniuliza swali moja.

"Ile mashini ya mawe ilikuwa inasimama upande gani yake? Kuume ao kushoto?"

Sikujua. Miaka yote hiyo, na sikuwahi kumwuliza baba mashine ilikuwa upande gani. Niliona aibu.

"Uende umuulize," alisema. "Sikio yenye ilikuwa mbali na mashini, njo tutaisaidia. Na weye njo utatengeneza kifaa yake. Siku waya itakatika, papa atakuwa Kasese na miye niko hapa."

Ndivyo nilivyojikuta mwanafunzi tena, saa za mchana wateja wanapopungua, nikiwa na daftari la mwanangu mapajani.

Vifaa vyake alivitunza kwenye trei za mayai. Trei kumi au zaidi, zimepangwa moja juu ya nyingine chini ya meza, na kila kishimo kilikuwa na aina yake. Hakununua karibu chochote. Vyote alivitoa kwenye redio zilizokufa, alizoziyeyushia risasi ya kulehemu mguu kwa mguu, akakitoa kidude bila kukivunja shingo. Umeme ukikatika chuma cha kulehemu alikipasha kwenye sigiri, jiko lake la makaa, akakipitisha karibu na shavu kupima joto, na joto lilikuwa sawa kila mara. Nimewahi kuona madaktari wanaomshika mgonjwa kwa pupa kuliko yeye alivyoishika redio ya plastiki iliyopasuka.

Rezista ilikuwa somo la kwanza. Umeme yeye aliuita moto, kama wanavyosema kwao, na kazi ya rezista, kwa maelezo yake, ni kumwambia moto apite polepole. Nyingine inambana kidogo, nyingine inambana sana, na kiasi cha kubana kimeandikwa kwa zile rangi. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu unakuambia uongeze sifuri ngapi. Rangi ni kumi, na shuleni tuliziimba kwa Kiingereza bila kuona hata moja. Fundi hakuwa na wimbo. Alikuwa na soko. Aliniandikisha hivi: sifuri ni makaa, moja ni kahawa, mbili ni nyanya, tatu ni machungwa, nne ni ndizi mbivu, tano ni majani, sita ni mbingu, saba ni mbiringanya, nane ni simenti, tisa ni chumvi. Nikayaandika yote, nikapigia mstari simenti kwa ajili ya baba.

Baada ya hapo akanipa kapasita. Hiki nilikipenda mara moja, labda kwa sababu ya umbo lake, kipipa kidogo kilichovaa koti la plastiki. Kazi yake ni kujaa na kumwaga. Alikijaza kwa betri, akakitoa, akakigusisha kwenye taa ndogo nyekundu, na ile taa ikawaka kwa muda wa kupumua mara moja ikazimika. Sikuamini. Nikamwambia arudie, akarudia, nikamwambia arudie tena. Mteja wangu mmoja alikuwa amesimama kibandani akitaka nakala za kitambulisho, nikamwambia angoje. Fundi akaniambia kapasita ina kazi nyingine ambayo ndiyo tunaihitaji: moto uliosimama hauwezi kuipita, lakini moto unaotetemeka unapita, na sauti ya mtu ikishageuzwa kuwa umeme ni mtetemeko tu. Kwa hiyo inachuja. Sauti inapita, mengine yanabaki.

"Lakini hii iko na kichwa na mukia," alionya. "Ukigeuza, itapasuka. Itakutukana mbele ya watu."

Niligeuza. Ikapasuka kwa kishindo, ikatoa moshi wenye harufu ya samaki aliyeungua, na mwuza nguo wa jirani akakimbilia barabarani. Fundi hakuinua hata kichwa. Alisema tu kwamba sasa sitageuza tena, na ni kweli, sijageuza tena.

Dayodi ilikuwa rahisi, maana tunaishi mpakani. Ni kizuizi kinachoruhusu kupita upande mmoja tu, na mstari mweupe kwenye mwili wake unaonyesha upande huo. Aliitaka kwenye kifaa cha baba kwa sababu moja: wazee, alisema, hawaoni vizuri alama kwenye betri, na siku mzee atakapozitia kinyume, moto utagonga hapo na kurudi, hakuna kitakachoharibika. Nilifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu. Hakuwa amemwona baba yangu hata siku moja, na tayari alikuwa amemsamehe kosa ambalo bado hajalifanya.

Halafu transista. Fundi aliisubirisha hadi mwisho, na alipoitoa kwenye kishimo chake aliifuta kwanza kwa kitambaa. Kidude cheusi, upande mmoja bapa, miguu mitatu.

"Sauti ya mutu haina nguvu," alisema. "Haiwezi kusukuma kitu. Lakini nguvu ya kufungua robine, ile iko nayo. Mutoto mudogo anaweza kufungua robine, na maji ya mulima muzima inatoka."

Maana yake ni hii. Mguu mmoja wa transista ndio mkono wa bomba. Umeme mdogo ukiugusa, umeme mkubwa wa betri unapita kwenye miguu mingine miwili, na unapita kwa kufuata mwendo ule ule wa yule mdogo, ukipanda anapopanda, ukishuka anaposhuka. Ukipanga transista tatu kwa mfuatano, kila moja ikimfungulia mwenzake, mnong'ono unakuwa sauti. Niliketi pale na kidude hicho kiganjani na nikaona kitu ambacho miaka minne ya sekondari haikunionyesha. Nilitamani kulia, nikajifanya nimeingiwa na moshi wa sigiri.

Kifaa chenyewe tulikipanga hivi. Kipaza sauti cha ukubwa wa kifungo cha shati, kilichotolewa kwenye simu iliyokanyagwa na pikipiki. Rezista ya kukilisha hicho kipaza sauti umeme wake, maana bila kulishwa hakifanyi kazi. Kapasita za kuchuja, transista tatu na rezista zake, kitufe cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza sauti, betri tatu ndogo na dayodi ya kuzilinda, na waya wenye kidude cha kuvaa sikioni. Vyote ndani ya kisanduku cha sabuni chenye kamba ya kuvaa shingoni. Fundi aliandika kwenye daftari langu, mahali pa rezista ya kipaza sauti, maneno matatu: kahawa, makaa, machungwa. Kisha akaitwa na mtu aliyekuja na kikuza sauti cha kanisa, nami nikabaki na trei.

Sasa hapa lazima nijieleze, ingawa najua mtu wa Mombasa atanicheka. Machungwa ya huku kwetu ni ya kijani. Yanaiva yakiwa ya kijani, yanauzwa yakiwa ya kijani, unayamenya ngozi ya kijani na ndani yana rangi ya njano iliyopauka. Mbele yangu hasa, ng'ambo ya barabara, mama mmoja alikuwa na lundo lake juu ya gunia, kijani tupu. Majani nilijua ni kijani. Nikajiambia basi machungwa ni kijani cha giza na majani ni kijani cha mwanga. Na ile rangi nyingine iliyokuwa kwenye vidude vingine, iliyo katikati ya nyanya na ndizi mbivu, niliichukulia kuwa ni nyanya iliyofifia kwa uzee. Nikachagua kahawa, makaa, kijani. Nikalehemu vizuri sana, risasi inang'aa, nikajipongeza.

Jumamosi nilikipeleka Kasese. Mama alitaka kujua kinafanyaje kazi, nami, kwa sababu nilishazoea kusema kama fundi, nikamwambia ndani mna moto mdogo tu.

"Hamvalishi mzee wangu moto kifuani," alisema mama, akasimama kati yangu na baba.

Ikanichukua nusu saa kumweleza. Hatimaye nikamvalisha baba, nikamwekea kidude sikioni, lile la kushoto, maana nilikuwa nimekwisha kumwuliza na mashine ilikuwa kulia. Nikazungusha kitufe. Nikainama mbele yake.

"Baba, unasikia?"

"Nasikia," alisema.

Mama akapiga vigelegele. Mimi nikalia mbele ya watu, bila moshi wa kusingizia. Baba akatikisa kichwa kwa heshima, akatushukuru wote wawili, akanishika mkono akaniombea baraka. Nikarudi Bwera nikijiona injinia.

Fundi alifurahi nilipomwambia, kisha akauliza, "Alisikia nini?"

"Alisikia. Nilimwuliza unasikia, akasema nasikia."

"Nimeelewa. Lakini alisikia nini?"

Nilikasirika. Nilimwona kama mtu asiyetaka kumpa mwanafunzi sifa zake. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena Kasese, na baba alikuwa amevaa kisanduku chake vizuri, juu ya shati lililopigwa pasi. Nikamwambia chakula kiko tayari. Akasema, "Nasikia," asiinuke. Nikamwambia wajukuu wanamsalimu. "Nasikia." Nikamwuliza kama amekwenda ibada ya Jumatano. "Nasikia," alisema, akatabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia yeye. Nilidhani amezoea upweke wake na sasa hataki kutoka. Nilimwambia fundi hivyo hivyo Jumatatu, kwa ukali, kana kwamba ni baba yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, fundi alifunga safari nami hadi Kasese. Alivaa kitenge kipya na kubeba mkoba wenye kipande cha trei ya mayai kilichofunikwa kwa kitambaa. Mama alimpikia chai ya maziwa. Fundi alimsalimu baba kwa kumshika mikono miwili, akamwita papa, akakaa naye akitazama milima, na hakumwuliza chochote. Kisha akainuka kama mtu anayetaka kunyoosha miguu, akapita nyuma ya kiti cha baba, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Papa, iko nyoka chini ya kiti yako."

Mama alirukia ukutani na birika mkononi. Mimi niliinua miguu. Baba aliendelea kutazama milima.

Fundi akaja mbele, akamwomba baba kisanduku kwa ishara, akakifungua pale pale mapajani. Hakutafuta. Jicho lilikwenda moja kwa moja.

"Nani aliweka hii?"

"Mimi. Kahawa, makaa, machungwa. Uliniandikia mwenyewe."

Akanitazama. Akatazama rezista. Akatazama ng'ambo ya uzio, ambako jirani alikuwa na mchungwa wenye matunda, kijani kwa kijani. Akafunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika.

"Machungwa ya chupa," alisema alipopata pumzi. "Ya soda. Hapana ya kwenye muti."

Badala ya sifuri tatu nilikuwa nimetia sifuri tano. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa hivi kwamba kilipata umeme wa kukidanganya tu, na kwa wiki mbili baba yangu alikuwa amevaa sanduku la sabuni bubu, kila siku, juu ya shati la pasi, ili asinivunje moyo. Fundi hakunilaumu. Alisema kosa ni lake, alifundisha rangi kwa mdomo badala ya kuziweka mkononi, na tangu siku hiyo trei zake zote aliziandika tarakimu. Akapasha chuma kwenye sigiri ya mama, akaning'olea ile rezista, akanipa nyingine yenye mstari wa rangi ambayo leo naiona kila mahali, kwenye soda, kwenye makoti ya mafundi wa barabara, kwenye paja la jogoo. Nikalehemu mwenyewe. Yeye akanishikia kiwiko.

Tukamvalisha baba tena. Fundi akapunguza sauti kwanza, akaipandisha taratibu, akapita nyuma ya kiti.

"Papa, chai yako inapoa."

Baba akageuka, akanyoosha mkono akachukua kikombe.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama aliketi chini kwenye ngazi. Baba alikunywa chai, akaweka kikombe kwenye kisahani, akashtuka kwa mlio wake, akakiinua akakiweka tena ili ausikie mara ya pili.

Nilimwuliza, siku hiyo hiyo, kwa nini alitudanganya. Sauti yangu haikuwa nzuri, bado nilikuwa na hasira, ingawa sasa nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Alinijibu polepole, kama mtu anayejisikiliza.

"Ukisema husikii, mtu anarudia. Ukisema tena, anapandisha sauti kama anagombeza mtoto. Ya tatu anasema, acha tu, haikuwa kitu. Hiyo acha tu, mwanangu, ndiyo nilikuwa nakimbia."

Nilikuwa nimemwambia acha tu mara nyingi mno. Niliyakumbuka mengi ya hayo pale pale, na fundi, ambaye alikuwa akikunja kitambaa chake, alifanya heshima ya kutazama pembeni.

Sitaki kusema kifaa kile kilimrudishia masikio ya ujana. Kilivuma upepo ukipiga. Kilikwaruza akigusa kamba, na kwenye watu wengi alichanganyikiwa akakizima. Lakini alirudi kwa kinyozi. Alirudi ibada ya Jumatano, akalalamika kwamba mwimbishaji mpya anaanza juu mno. Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa mzee anauliza maswali kama mpelelezi, nani anagonga, nini hicho kinachovuja, mbona bawaba inalia. Akaitia mafuta ile bawaba mwenyewe. Betri alizitia kinyume mara mbili, na dayodi ikasimama mahali pake. Nilimsimulia fundi kila kitu na yeye aliandika nyuma ya daftari langu mambo ya kurekebisha kwenye kifaa kinachofuata, kwa maana wazee wengine walikwisha kusikia habari na walianza kuja, wakiongozwa na mabinti zao, na mabinti walivutiwa viti wakaketi. Mimi ndiye niliyewafundisha rangi. Niliwaletea kizibo cha soda.

Wiki tatu au nne baadaye nilikuwa Kasese, Jumamosi mchana. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Mimi na baba tulikuwa barazani tunachambua maharage, yeye na kisanduku chake shingoni, tunazungumza habari za mvua. Akainua mkono ghafla ninyamaze. Akainamisha kichwa, akazungusha kitufe kidogo, akasikiliza kuelekea nyuma ya nyumba. Nami nikasikiliza. Sikusikia jambo lolote geni.

"Mama yenu anakohoa tangu lini?" aliniuliza.

Ndipo nami nikakisikia kikohozi. Ilikuwa ile ile sauti ya nyumba yetu ya siku zote, niliyoipita kila Jumamosi nikiingia na kutoka, na nilipojaribu kuhesabu miezi yake nikagundua ni mingi, imepita mwaka, na sikumbuki mwanzo wake. Baba aliweka ungo chini, akaenda kutafuta viatu vyake ili ampeleke mama hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilibaki na maharage mkononi. Masikio yangu hayajawahi kuwa na tatizo lolote.